Mkebe wa La, Mkebe wa Ra

Mimi si mtu wa kwenda mahali. Wanaonijua hapa Bungoma husema hata kuku wangu wamesafiri kunishinda, maana wao angalau huvuka barabara. Kwa hivyo simu ilipokuja kuniambia Mzee Idrisa wa Kitale ametangulia mbele ya haki na atazikwa kabla ya alasiri, kama wanavyozikana Waislamu, bila kungoja hema wala kamati, nilishikwa kwanza na huzuni, na nyuma yake, Mungu anisamehe, uvivu. Nilifunga kamba za viatu huku nalia na kunung'unika kwa pamoja. Safari yenyewe sitaisimulia. Niliifumbia macho tangu Bungoma hadi Kitale. Nilipofika ile nyumba ya nyuma ya msikiti walikuwa wamekwisha kumlaza kaburini, na wanawake walikuwa ndani wanagawa chai na mikate ya sinia. Sebule haikuwa imebadilika. Saa za ukutani zilikuwa zile zile, zote zinatembea na zote zinakubaliana, maana marehemu alikuwa fundi wa saa na hakuvumilia saa mbili zinazobishana chini ya paa moja. Zuhura, binti yake, alinikalisha, akaingia chumbani, akarudi na mkebe wa zamani wa kakao. Kwenye kifuniko palikuwa na herufi moja iliyochorwa kwa rangi nyekundu ya kucha, R, imechakaa lakini inasomeka. "Baba alisema huu ni wako, dada Nekesa," akaniambia. "Alisema mwenzake unao."

Kweli nilikuwa nao. Nilikuwa naweka chumvi ndani yake miaka yote hiyo. Nilipoinua macho kutoka kwenye mkebe nikaona mzee mmoja karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, anauangalia mkebe kama mtu aliyeona jirani wa zamani. Ilinichukua muda kumtambua Mwalimu Barasa, kwa sababu nilipomjua nywele zake zilikuwa nyeusi na alikuwa na shingo. Sasa ni mwalimu mkuu mstaafu, amerudi kwao Sirisia kulima. Hatukusalimiana kama watu wanavyosalimiana matangani.

"Bado unasikia vibaya?" akauliza.

"Bado unasema vibaya, Mwalimu?" nikamjibu.

Zuhura akatutazama kwa mashaka, na ni haki yake. Ili mtu aelewe ni kwa nini wazee wawili walikaribia kucheka nyumbani kwa marehemu, inabidi niueleze ule mwaka nilioishi Kitale, mwaka nilipomaliza kidato cha nne. Ya ukoo wangu nayaruka. Hayana la ajabu, na wenyewe wako hai na wanasoma.

Nilikwenda Kitale kwa sababu Senge, yaani dada yake baba, alikuwa mpishi katika klabu moja ya shabaha nje kidogo ya mji, ng'ambo ya mashamba ya mahindi. Watu hudhani mtu wa nyumbani hupenda nyumbani kwao. Si hivyo. Mimi nilipenda chumba, chumba chochote, mradi kina mlango unaofungika na mtu hanitumi dukani. Kule kwetu mpango ulikuwa tayari: khocha, ndugu yake mama, alikuwa na kibanda cha viatu vya mtumba Lwakhakha, na alikuwa amekata shauri kwamba msichana mwenye cheti cha sekondari na sauti nzuri atasimama pale mpakani juani, awaite wapita njia wa Kenya na wa Uganda. Kila nilipoifikiria kazi ile nilihisi homa. Basi nikajificha jikoni kwa Senge. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua maharagwe, kokoto huku, maharagwe kule, na mlangoni akasimama mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Alinitazama muda mrefu. Halafu akamwambia Senge kwamba mtu anayechambua maharagwe bila kuimba na bila kuangalia dirishani ndiye mtu anayemtafuta. Senge alidhani ni posa. Akauliza ng'ombe wako wapi.

Ilikuwa posa ya kazi. Mzee Idrisa ndiye aliyekuwa na kibali cha kupakia risasi pale klabuni. Kazi yake ya kila siku ilikuwa saa, mjini, lakini jioni na mwisho wa juma alikuja kukifungua kile chumba kidogo nyuma ya jiko: meza moja ndefu, mizani ndogo ndani ya kabati la kioo ili upepo usiiguse, mashine ya mkono iliyofungwa mezani kama ile ya kusaga nyama, na harufu ya mafuta ya taa na shaba. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Kwenye saa aliweza kuificha, lakini kwenye baruti hakutaka kubahatisha. Akanifanya mimi niwe mikono, yeye akabaki kuwa macho. Kazi ikielezwa ni rahisi: unalisafisha ganda lililokwisha kupigwa, unaliwekea kitufe cha kuwashia kitakoni, unapima baruti punje kwa punje kwenye mizani, unaimimina, halafu unakiketisha kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda, kisizame wala kisichungulie. Kitabu cha kiwanda kilisema mwisho wa baruti ni hapa, na Mzee Idrisa alikuwa anakisoma kile kitabu kwa adabu aliyokuwa nayo kwa vitabu viwili tu duniani. Hatukuvuka mpaka ule hata kwa punje moja. Ndani ya mpaka lakini, alisema, kuna nyumba nyingi, na bunduki hulala vizuri katika nyumba moja tu. Kazi yetu ilikuwa kubisha hodi mpaka tuipate.

Bunduki yenyewe tuliiita Kukhu, yaani bibi, kwa sababu ilikuwa kongwe kuliko sisi wote na ilikuwa na ladha zake. Ilikuwa ya klabu. Ukiilisha risasi za dukani ilizitema ovyo, moja huku, nyingine kule, karatasi ya shabaha ikaonekana kama imenyewa na ndege. Wanachama wenye magari walikuwa na bunduki zao mpya. Kukhu alikuwa amepewa Mwalimu Barasa, mwalimu wa darasa la tatu, mwanachama pekee aliyekuja kwa baiskeli. Mwenyekiti wa klabu, mkulima mnene mwenye sauti ya kuita trekta, alikuwa amesema waziwazi mbele ya meza ya chai: siku ya kushindana na wageni, kama Kukhu haifai, irudishwe serikalini ikakatwe kama vyuma vikuukuu, na kile chumba cha nyuma kiwekwe viti. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la mandazi. Nilisikia neno viti, na nikaiona Lwakhakha, jua na vumbi na viatu vya mguu mmoja. Sikuwa nimewahi kuipenda bunduki hata siku moja, na mlio wake hadi leo hunifanya nikojoe kidogo, nisamehewe, lakini siku ile niliamua kwamba yule bibi atakula na atashiba.

Mzee Idrisa alipanga vyakula vinne, kila kimoja na kipimo chake cha baruti, kila kimoja na mkebe wake. Hapo ndipo akili yake kubwa ilipotupoteza. Akasema tutaandika herufi kwenye vifuniko, lakini herufi zisizofanana, kwa sababu kidole chenye mafuta kikipita juu ya O inakuwa Q, na E ikifutika mguu inakuwa F, na mtu akapakia kosa. Aliketi na karatasi jioni nzima akizichagua herufi kama anayechagua mahari. Akabaki na nne ambazo jicho halizichanganyi hata gizani: K, L, R, T. Akazisoma kwa fahari, kama walivyosomeshwa watoto wa shule: Ka, La, Ra, Ta. Alikuwa amelifikiria jicho. Hakulifikiria sikio, na hasa hakulifikiria sikio la Bungoma.

Maana sisi watu wa kwetu, nani asiyejua, tunapiga kula na tunakula kura. Mimi nilikuwa nimenyooshwa ulimi bweni, kwa kuchekwa, na nilijiona profesa. Mwalimu Barasa wa Sirisia hakuwa amenyooshwa. Yeye akitaka wali alisema wari, na akiona rangi alisema langi, kila mara, bila kukosea, kama saa za Mzee Idrisa. Kwa hivyo mimi nilikuwa na kanuni yangu kichwani ambayo sikumwambia mtu: Mwalimu akisema La, mpe Ra, akisema Ra, mpe La. Sikuiona kuwa ni kanuni hata. Ilikuwa ni kusikia tu, kama mama anavyomsikia mtoto asiye na meno.

Majaribio yalikuwa hivi. Mimi sikutoka nje. Uwanja wa shabaha ulikuwa na nyasi ndefu na nyasi ndefu zina nyoka, na hata zisingekuwa na nyoka zilikuwa nje. Mwalimu alikuja kwenye dirisha dogo la chumba, akataja herufi, nami nikatoa risasi mkebeni, nikazipanga kwenye kibao chenye matundu, nikampitishia. Mkebe ulibaki ndani. Ka ilikuwa aibu: mashimo yalitawanyika kama kuku waliotupiwa mahindi. Ta ilimgonga Mwalimu bega mpaka akashindwa kuandika ubaoni, na bado Kukhu akatema. Mwenyekiti alipita akacheka, akapima kwa macho upana wa chumba, nikajua anahesabu viti. Zilibaki La na Ra, na siku ya wageni ilikuwa imekaribia.

Juma lile Senge aliniletea habari jikoni. Ati Mwalimu Barasa anaonekana nyuma ya tangi la maji, peke yake, anasema, "Leli. Reli. Leli. Reli." Tukajadili sana, tukikaanga vitunguu. Senge aliona anapanga safari ya garimoshi. Mimi niliona ni msichana, pengine anaitwa Leli, maana mwanamume haongei na tangi bure. Sikujua, na Mwalimu kwa aibu yake hakusema, kwamba mkaguzi wa shule alikuwa ameingia darasani mwake na kukuta watoto wote wameandika kwamba wananchi walijitokeza kupiga kula, na akamwambia mbele ya watoto hao kwamba ulimi wake ni ugonjwa wa kuambukiza. Basi alikuwa anautibu. Alikwenda nyuma ya tangi kila jioni, anatenganisha l na r kama mimi nilivyotenganisha kokoto na maharagwe.

Siku ya kujaribu mikebe miwili ya mwisho, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Mlima Elgon tangu adhuhuri. Mzee Idrisa alikuwa ameenda kuswali. Mwalimu akaja dirishani, akasema polepole sana, kama anayesoma imla, "Nipe Ra." Nami, profesa, nikampa La. Nikasikia milio, na kila mlio nikaruka, halafu kimya, halafu mvua ya Kitale, ile inayoanguka bila kupiga hodi. Mwalimu akarudi anakimbia na karatasi chini ya koti. Aliiweka dirishani. Mashimo yote yalikuwa yamekusanyika mahali ambapo ungeweza kupafunika kwa kifuniko cha soda. Maji yalikuwa yanamtiririka puani na hakuyafuta. "Mkebe wa pili hata sitaujaribu, bana," akasema. "Ni Ra. Tengeneza Ra." Nikamwambia sawa, Mwalimu, na moyoni nikaandika La. Mzee Idrisa aliporudi akaiona karatasi akaondoa miwani yote miwili. Akaniuliza, "La?" Nikamjibu, "La." Mtu mwingine angefikiri tunabishana. Jioni zile zilizobaki nilipima na kumimina na kuketisha kama mtu anayempikia mkwe, risasi za mashindano zote za La, kila moja imefutwa kwa kitambaa mpaka nikajiona ndani yake, nikiwa na pua kubwa kuliko kawaida.

Asubuhi ya siku yenyewe wageni walifika na magari ya kung'aa na viti vyao vya kukunja; Mwenyekiti aliviangalia vile viti kwa mapenzi. Mwalimu alikuja dirishani kuchukua risasi zake, suti ya kanisani, viatu vya kazi. Alikuwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi huzungumza. Akasema redio imetabiri mvua alasiri, lakini barabara ya kuja ilikuwa kavu, na amelala vizuri, Mola ni mkarimu. Nikamwambia kila la heri. Akaondoka. Nikachukua ufagio. Nilikuwa nimefagia nusu ya chumba nilipousikia ule usemi tena kichwani, kama mtu anayegundua baadaye kwamba chai aliyokunywa haikuwa na sukari. Redio. Lakini. Barabara. Amelala. Mkarimu. Hakuna hata moja iliyokosea. Ulimi wa Mwalimu ulikuwa umepona. Na kama umepona, basi Ra aliyoisema dirishani ilikuwa Ra, na mimi nilikuwa nimemjazia Kukhu sahani ya La.

Nilitoka nje. Naliandika hili kwa herufi za kawaida lakini lilistahili kubwa. Nilipita jiko, Senge akaniuliza nyumba inaungua wapi, nikapita tangi, nikaingia kwenye zile nyasi za nyoka nikiwa na ndara na ufagio mkononi, na nikaufikia uwanja wa shabaha kwa mara ya kwanza mwaka ule. Mwalimu alikuwa amekwisha kulala kifudifudi kwenye turubai, shavu juu ya Kukhu. Kati yangu na yeye palikuwa na kamba na mtu wa bendera nyekundu. Nikamwona Mzee Idrisa kwenye benchi, nikamwinamia, nikamwambia yote sikioni kwa pumzi moja, tangi, Leli, redio, kula na kura.

Hakushtuka. Fundi wa saa hashtuki; saa ikisimama yeye huuliza tu ni gurudumu lipi. "Siku ya mvua alikuomba nini?" akauliza.

"Ra."

"Ukampa nini?"

"La."

"Na ile karatasi ya kifuniko cha soda, ilipigwa na nini?"

Ufagio ukaniponyoka. Mwalimu anaamini alipiga Ra, kumbe alipiga La. Ameniagiza Ra, nami nimemtengenezea La. Nimekosea mara mbili, na kosa la pili limelishika la kwanza mkono likalirudisha nyumbani. "Hayo," Mzee Idrisa akasema, "ni kama siku ya mvua mkono wako haukukosea mkebe. Kama ulikosea, basi tumekwisha. Kaa chini, mwanangu. Hiyo karatasi itatusomea." Nikakaa. Nilikuwa nimesahau kuogopa nje, kwa sababu niliogopa zaidi kile kiduara cheusi kule mbali.

Mlio wa kwanza sikuusikia. Nadhani masikio yangu yalikuwa yamechoka na lawama. Mwenye darubini akasema katikati. Wa pili, katikati. Wa tatu, akaipangusa lenzi kwa tai yake, akaangalia tena, akasema ni kama lile shimo limepanuka tu. Nyuma yangu wageni waliinuka kutoka kwenye viti vyao vya kukunja. Mwenyekiti alikuwa amesimama na andazi mdomoni, halimezwi. Mwalimu hakuinua kichwa. Alikuwa anapumua kama mtu anayemlaza mtoto, na Kukhu alikuwa anakula, nakwambia, anakula chakula chake polepole kwa heshima, hakutema hata tonge. Ilipoletwa karatasi, tundu lote lilikuwa kama alama ya dole gumba kwenye unga. Klabu yetu ilikuwa nyuma mpaka pale. Haikuwa nyuma tena.

Kiongozi wa wageni alikuwa mtu muungwana. Alikuja kuishika karatasi, akauliza risasi hizi zimenunuliwa wapi, Nairobi au ng'ambo. Senge alikuwa amefika na sinia, aproni na yote. "Hazikununuliwa," akamwambia. "Zimepikwa hapa." Akanisukuma mbele kwa kiwiko, nikiwa na ndara moja, nyingine ilikuwa imebaki kwenye nyasi. Mwenyekiti alimeza lile andazi hatimaye. Juma lililofuata alileta kufuli mpya ya kile chumba, na viti vikatafutiwa pa kulala pengine. Khocha wa Lwakhakha alipelekewa salamu kwamba sipatikani. Mwalimu tulimweleza jioni ile ile jikoni, mimi na Mzee, kwa zamu, kuhusu Ra na La. Alitusikiliza mpaka mwisho na sahani ya pilau mapajani. Kisha akasema kwa uchungu mkubwa kwamba siku moja tu maishani mwake amesema herufi sawasawa, na siku hiyo ndiyo amepata mtu wa kumsahihisha. Mzee Idrisa alicheka mpaka miwani ya paji la uso ikaangukia machoni, akawa na vioo vinne machoni.

Nilipoolewa nikarudi Bungoma, alinipa mkebe wa La, mtupu, umeoshwa. Ra akabaki nao. Sikuuliza sababu. Sasa, baada ya mazishi, mikebe yote miwili imekaa pamoja kwenye rafu ya jiko langu, na kwa heshima ya marehemu nimeipanga upya: sukari kwenye La, chumvi kwenye Ra.

Jumapili iliyopita Mwalimu Barasa alikuja kunitembelea, na fimbo yake, toka Sirisia. Yeye bado huenda mahali. Nilikuwa nimeshika mwiko na unga mkononi, nikamwambia ajihudumie chai, sukari iko kwenye La. Nilitamka vizuri kabisa, nilinyooshwa bweni. Nikamsikia anafungua kifuniko, anakoroga, anavuta kiti. Nilipogeuka, mkebe uliokuwa mezani mbele yake ni Ra, ule wa chumvi, na kijiko kimo ndani yake. Alikuwa amekunywa nusu. Alijua, na aliona kwamba nimejua. Aliinua kikombe, akakimaliza chote mpaka chini, taratibu, bila kukunja uso, akakiweka juu ya kisosi.

"Katikati," akasema.